Uchaguzi wa Rais wa Kenya wa 1992: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara uchaguzi wa 29 Desemba 1992 unapotajwa. Tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale ya pembeni. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, tunakuelekeza kwenye namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Kwa nini unaitwa uchaguzi wa kwanza wa urais, ilhali Wakenya walikuwa wakipiga kura tangu 1963?

Kwa sababu kabla ya siku hiyo hakuna Mkenya aliyewahi kupewa karatasi ya kura yenye zaidi ya jina moja la mgombea urais. Mwaka 1963 wananchi walichagua wabunge, chama cha KANU kikashinda, na Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu. Kenya ilipogeuka jamhuri tarehe 12 Desemba 1964, mabadiliko ya katiba yalimfanya Rais bila kura ya wananchi. Mwaka 1969 na 1974 akapita bila kupingwa. Daniel arap Moi, aliyeshika madaraka Kenyatta alipofariki Agosti 1978, naye akapita bila kupingwa 1979, 1983 na 1988.

Kwa hiyo mpiga kura wa miaka 45 aliyepanga foleni Desemba 1992 hakuwa na uzoefu wowote wa jambo hilo kumzidi kijana wa miaka 21. Wote walikuwa wageni.

2. Kifungu cha 2A kilikuwa nini hasa?

Kilikuwa kifungu cha katiba kilichoingizwa Juni 1982 kusema kwamba KANU ndicho chama pekee halali nchini. Kabla ya hapo Kenya ilikuwa na chama kimoja kwa vitendo tu, tangu chama cha upinzani cha KPU, cha Jaramogi Oginga Odinga, kilipopigwa marufuku mwaka 1969. Sheria yenyewe haikukataza chama kingine. Mwaka 1982 Jaramogi na George Anyona walipojaribu kuutumia mwanya huo na kuanzisha chama chao, serikali iliuziba kwa kifungu hicho, na Anyona akawekwa kizuizini.

Miaka kumi baadaye wote wawili walikuwa kwenye karatasi ya urais. Kifungu chenyewe kilifutwa Desemba 1991.

3. Ni nini kilichomfanya Moi akubali vyama vingi?

Shinikizo lilitoka pande mbili. La ndani lilianza na mlolongo wa 1988. Katika uteuzi wa wagombea wa KANU, wapiga kura walitoka nje wakapanga mstari nyuma ya mgombea au wakala aliyeshika picha yake, kisha wakahesabiwa palepale uwanjani. Aliyepata zaidi ya asilimia 70 alitangazwa mbunge bila kwenda kwenye kura ya siri. Ubaya wa mlolongo ni kwamba watu wakishatawanyika hakuna kinachobaki. Hakuna sanduku la kufungua wala karatasi ya kuhesabu upya, kuna neno la msimamizi tu. Katika maeneo mengi watu walishuhudia kwa macho yao mstari mfupi ukitangazwa kuushinda mrefu, na hasira hiyo haikuisha.

Mwaka 1990 Kenneth Matiba na Charles Rubia walitangaza mkutano wa Saba Saba, yaani wa tarehe 7 Julai, pale Kamukunji, Nairobi. Wakakamatwa na kuwekwa kizuizini kabla ya siku kufika, na ghasia zikazuka hata hivyo. Agosti 1991 FORD, jukwaa la kudai kurejeshwa kwa demokrasia, ikatangazwa (swali la 4). Shinikizo la nje lilifikia kilele Novemba 1991 huko Paris, ambako nchi na mashirika wafadhili walisitisha misaada mipya kwa miezi sita. Siku chache baadaye, tarehe 3 Desemba, wajumbe wa KANU walikutana Kasarani. Msemaji baada ya msemaji alipinga vyama vingi, kisha Moi akasimama na kutangaza kwamba Kifungu cha 2A kitafutwa. Ukumbi ulipigwa na butwaa.

## Vyama na mgawanyiko wake

4. Vyama vikuu vilikuwa vipi?

Vilikuwa vinne. KANU ilikuwa na alama ya jogoo, na ilikuwa na serikali: wakuu wa wilaya, machifu na redio ya taifa. FORD-Kenya ya Jaramogi ilikuwa na simba. FORD-Asili ilikuwa ya Matiba, na Democratic Party, yaani DP, yenye alama ya taa, ilikuwa ya Mwai Kibaki.

FORD hizo mbili zilitoka kwenye kikundi kimoja kilichoanzishwa Agosti 1991 na wazee sita: Jaramogi, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Ahmed Bamahriz, George Nthenge na Philip Gachoka. Idadi hiyo ndogo haikuwa bahati nasibu. Sheria ya vyama vya kijamii iliwabana watu kumi au zaidi wanaoungana bila usajili, nao wakabaki chini ya hapo na kujiita jukwaa. Ukitazama sura hizo sita unaona pia Nyanza, Magharibi, Pwani, Ukambani na Kati zimekaa meza moja. Huo ndio mtaji uliopotea baadaye.

5. FORD ilivunjikaje?

Jibu la haraka linalotolewa barabarani ni ukabila. Ulikuwepo, lakini kuna jambo mahususi zaidi: viongozi walikosa kukubaliana juu ya *njia* ya kumpata mgombea urais. Kambi ya Matiba ilitaka kila mwanachama apige kura moja kwa moja, kambi ya Jaramogi ikashikilia wajumbe. Kila upande ulichagua njia iliyompa mtu wake nafasi bora, na kila upande uliiita demokrasia.

Matiba alikuwa amepata kiharusi akiwa kizuizini, akatibiwa London, na aliporudi Mei 1992 alipokewa na umati mkubwa sana. Tangu hapo chama kimoja kikawa na ofisi mbili. Watu wa Jaramogi walikuwa Agip House, wa Matiba Muthithi House, na magazeti yakaanza kuziita kambi hizo kwa majina ya majumba. Muliro, ambaye wengi walimwona kuwa ndiye angeweza kuwapatanisha, alifariki tarehe 14 Agosti 1992 alipotua uwanja wa ndege wa Nairobi akitoka London. Kufikia Oktoba kila kambi ilikuwa imesajiliwa kama chama chake.

Hapa ndipo sisi tunaona uchaguzi ulipoamuliwa, miezi miwili kabla ya sanduku la kwanza kufunguliwa. Hesabu yake iko kwenye swali la 14 na la 15.

6. Kwa nini Kibaki hakujiunga na FORD?

Kibaki alikuwa Makamu wa Rais kwa miaka kumi, akashushwa kuwa Waziri wa Afya mwaka 1988. Alijiuzulu siku ya Krismasi 1991, wakati FORD ilikuwa tayari na wenyewe. Muda si mrefu kabla ya hapo alikuwa amesema kwamba kujaribu kuing'oa KANU ni sawa na kukata mugumo kwa wembe, na wapinzani wake hawakumwacha ausahau usemi huo. Alianzisha DP, iliyopata nguvu Nyeri, Meru, Embu na sehemu za Ukambani.

7. Wagombea urais walikuwa wangapi?

Wanane. Mbali na wale wanne, walikuwepo wa vyama vidogo: Chibule wa Tsuma wa KNC, George Anyona wa KSC, John Harun Mwau wa PICK na David Mukaru Ng'ang'a wa KENDA. Wote wanne wa mwisho kwa pamoja hawakufikisha hata asilimia moja ya kura. Mgombea huru hakuruhusiwa: bila chama hukuwa na njia ya kuwa mgombea, wa urais wala wa ubunge. Sharti hilo lilidumu hadi katiba ya 2010.

## Kabla ya siku ya kura

8. Mbona tarehe ilihamishwa kutoka 7 hadi 29 Desemba?

Kwa sababu ya neno moja la sheria. Bunge lilivunjwa mwishoni mwa Oktoba na Tume ya Uchaguzi, chini ya Jaji Zacchaeus Chesoni, ikatangaza kura tarehe 7 Desemba. Sheria ilivipa vyama muda wa *si chini ya* siku 21 wa kuteua wagombea. Mwanasheria Mkuu akarekebisha kifungu kisomeke *si zaidi ya* siku 21, akieleza kwamba anasahihisha kosa. Tofauti yake ni hii: kwa maneno ya zamani chama kina hakika ya wiki tatu, kwa maneno mapya kinaweza kupewa siku tano. Chama kilichotawala miaka 29 kingeweza kuishi na siku tano. Kilichosajiliwa Oktoba kisingeweza.

FORD-Kenya ilikwenda Mahakama Kuu na ikashinda, na ratiba ikapangwa upya. Ni mojawapo ya ushindi wa kweli wa upinzani mwaka ule, na haukumbukwi ipasavyo.

9. Ni kweli vijana wengi hawakuweza kujiandikisha?

Kweli. Watu karibu milioni 7.9 waliandikishwa katikati ya 1992. Ili uandikishwe ulihitaji kitambulisho cha taifa, na vijana waliokuwa wamefikisha umri tangu uchaguzi uliopita walikuta vitambulisho havitolewi kwa kasi inayohitajika. Makadirio yaliyotajwa sana ni kwamba zaidi ya milioni moja waliachwa nje.

Upinzani nao ulijiumiza. Mwanzoni ulitoa wito wa kususia uandikishaji ukidai masharti bora, kisha ukabadili msimamo siku zikiwa zimeshakwenda. Jina lisiloingia daftarini haliwezi kuongezwa siku ya kura, hata kama mwenyewe amefika alfajiri na kitambulisho mkononi.

10. "Kupita bila kupingwa" kulitokeaje katika uchaguzi wa vyama vingi?

Siku ya kuwasilisha karatasi za uteuzi, mgombea alitakiwa afike *mwenyewe* mbele ya afisa msimamizi wa uchaguzi wa eneo lake, na saa za kupokea karatasi zilikuwa chache. Asiyefika kwa wakati hakuwa mgombea. Sasa tazama inavyofanyika: huhitaji kuiba kura hata moja, unahitaji vijana wa kufunga barabara kwa saa kadhaa, au wa kumpokonya mtu bahasha yenye karatasi zake akiwa mlangoni. Saa ikipita, msimamizi anafunga faili na mgombea mmoja aliyebaki anatangazwa mbunge.

Katika Bonde la Ufa wagombea zaidi ya 15 wa KANU walipita hivyo, na wapinzani wao walilalamika kwamba walizuiwa njiani, walitekwa nyara au walinyang'anywa karatasi. Viti hivyo vilikuwa mkononi kabla hata kampeni kukolea.

## Siku ya kura na kuhesabu

11. Mpiga kura alifanya nini kituoni?

Alitafutwa jina lake daftarini, akapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Kila jina lilikuwa na alama ya chama kando yake, na ndiyo maana kampeni nzima ilikuwa ya jogoo, simba na taa. Aliweka alama faraghani na kutumbukiza kila karatasi katika sanduku lake.

Kasoro za siku hiyo zilikuwa za aina mbili. Ya kwanza ni ucheleweshaji: vituo vingi vilifunguliwa saa nyingi baada ya muda, karatasi zilipelekwa mahali pasipo pake, na kwingine upigaji kura ukaendelea hadi siku ya pili. Ya pili ni ile ya wasiojua kusoma. Waliruhusiwa kusaidiwa na msimamizi wa kituo mbele ya mawakala wa vyama, nao walilazimika kutamka jina la wamtakaye. Mzee anayemtaja mpinzani kwa sauti mbele ya watu wanaomjua, katika eneo ambalo chifu ni mtu wa KANU, hana tena kura ya siri.

12. Kura zilihesabiwa wapi, na kwa nini jambo hilo linasisitizwa sana?

Hazikuhesabiwa kituoni. Masanduku yalifungwa, yakatiwa lakiri, yakapakiwa magarini hadi ukumbi mmoja wa eneo bunge, na huko ndiko yalikofunguliwa. Katika maeneo makubwa safari hiyo ilikuwa ya saa nyingi, usiku, kwenye barabara mbovu.

Wakala wa chama aliyelala akingoja ukumbini hakujua kilichotokea njiani, na aliyekuwa kituoni mara nyingi hakupata nafasi kwenye gari. Sanduku likifika lakiri imevunjika, hakuna hesabu ya kituoni ya kulilinganisha nalo. Chama chenye pesa kiliweka watu wawili kila kituo na gari la kufuata nyuma. Vyama vipya havikuwa na uwezo huo. Kuhesabu kituoni kulianza kutumika katika uchaguzi mkuu wa 2002, na baada ya 1992 hakuna badiliko dogo kama hilo lililoleta tofauti kubwa kiasi hicho.

## Hesabu ya ushindi

13. Mshindi alihitaji asilimia 50?

Hapana, na hili ndilo kosa la kawaida zaidi. Mabadiliko ya katiba ya 1992 yaliweka masharti matatu. Mshindi awe na kura nyingi kuliko mgombea mwingine yeyote, hata kama hazifiki nusu. Apate angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa isiyopungua mitano kati ya minane. Na achaguliwe kuwa mbunge katika eneo lake. Kama hakuna aliyetimiza, wawili wa kwanza wangerudi kwenye duru ya pili.

Sharti la mikoa mitano lilitetewa kuwa linazuia rais wa kabila moja. Ni hoja inayoeleweka. Lakini liliandikwa na upande uliojua vizuri una nguvu mikoa ipi, na wapinzani wamegawanyika wapi.

14. Matokeo yalikuwaje?

Moi alipata zaidi ya kura milioni 1.9, kama asilimia 36. Matiba milioni 1.4, asilimia 26. Kibaki zaidi ya milioni 1, asilimia 19 na ushee. Jaramogi zaidi ya 900,000, asilimia 17 na ushee.

Mikoa ndiyo inayosimulia habari yenyewe. Moi alivuka asilimia 25 katika Bonde la Ufa, Pwani, Kaskazini Mashariki, Magharibi na Mashariki. Ni mitano kamili, hakuna wa akiba. Mkoa wa Kati aliambulia kama asilimia 2 tu, na Nairobi na Nyanza hakufikia kiwango. Matiba alivuka katika mitatu: Kati, Nairobi na Magharibi. Kibaki katika miwili, Mashariki na Kati. Jaramogi alivuka Nyanza peke yake, alikozoa kama robo tatu ya kura zote.

Mkoa wa Magharibi ni wa kutazamwa kwa makini. Moi alipata kama asilimia 40, Matiba alimfuata kwa karibu kwa nguvu za Shikuku, aliyekuwa kambi yake, na Jaramogi akachukua fungu lake. Huo ndio mkoa wa Muliro (swali la 5).

15. Upinzani ungeungana, ungeshinda?

Watu hujumlisha 26, 19 na 17, wakapata 63 baada ya desimali, wakasema kazi imeisha. Hesabu hiyo si salama. Mpiga kura wa Matiba kule Murang'a hakuwa lazima ampigie Jaramogi, wala wa Bondo ampigie Kibaki. Baadhi wangebaki nyumbani, na baadhi wangekwenda KANU.

Tunachoweza kusema kwa uhakika ni kidogo zaidi, lakini kinatosha: Moi hakuwa na mkoa wa akiba. Angeteleza katika mkoa mmoja tu, Magharibi au Mashariki, angelazimika kurudi duru ya pili akiwa na theluthi moja ya kura, mbele ya mpinzani mmoja. Makanisa kupitia mikutano ya mwaka ule, na Wangari Maathai kupitia kundi lililotaka wapinzani wakubaliane, waliliona hilo mapema na kulisema. Hawakusikilizwa. Mwaka 1997 vyama vya upinzani vikagawanyika tena na Moi akashinda kwa kama asilimia 40. Mwaka 2002 viliungana chini ya NARC, na Kibaki akapata asilimia 62.

16. KANU ilipataje viti 100 vya ubunge kwa theluthi ya kura?

Kwa ukubwa usiolingana wa maeneo bunge. Mkoa wa Nairobi ulikuwa na viti 8. Kaskazini Mashariki, wenye wapiga kura wachache mno ukilinganisha, ulikuwa na 10. Bonde la Ufa lilikuwa na 44, na humo ndimo walimopatikana wale waliopita bila kupingwa (swali la 10).

Kati ya viti 188, KANU ilipata 100, FORD-Asili 31, FORD-Kenya 31, DP 23, na KSC, PICK na KNC kimoja kimoja. Mkoa wa Kati KANU haikupata hata kimoja. Rais akaongeza wabunge 12 wa kuteuliwa, wote wa upande wake.

17. Kwa hiyo kura ziliibwa au hazikuibwa?

Tunapendekeza usianzie na swali hilo, kwa sababu linaufanya uchaguzi wote uonekane ni mambo ya usiku mmoja. Waangalizi wa Jumuiya ya Madola walikataa kuupa mchakato mzima hati safi ya uhuru na haki, lakini wakaona kwamba mahali pengi matokeo yalionyesha, pamoja na kasoro zake, walivyotaka wananchi. Matiba, Kibaki na Jaramogi waliyakataa matokeo kwa pamoja, kisha wabunge wao wakaingia bungeni.

Kasoro za masanduku zilikuwepo. Zilizo na uzito mkubwa zaidi, kwa maoni yetu, zilifanyika mchana na kwa maandishi: tume iliyoteuliwa yote na Rais, daftari lisilo na vijana, uteuzi uliozuiwa kwa mabavu, mipaka ya maeneo bunge, na redio ya taifa iliyokuwa ya upande mmoja.

## Pesa, vurugu na Pwani

18. Kwa nini noti ya shilingi 500 iliitwa "Jirongo"?

Kutokana na Cyrus Jirongo, mwenyekiti wa YK'92, kundi la vijana lililompigia debe Moi na kujulikana kwa kumwaga pesa. Noti hiyo ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote wakati huo, na watu walizoea kuiona kwenye mikutano ya kundi hilo.

Pesa zilizomiminika mwaka ule, pamoja na kashfa ya Goldenberg iliyolipa fidia kwa mauzo ya dhahabu na almasi yasiyokuwepo, zililipwa na mwananchi wa kawaida sokoni. Mfumuko wa bei ulifikia karibu asilimia 46 mwaka 1993.

19. Mapigano ya Bonde la Ufa yalihusianaje na kura?

Yalianza mwishoni mwa Oktoba 1991 katika shamba la Meteitei, wilaya ya Nandi, yakasambaa kwenye mashamba waliyokaa jamii zilizodhaniwa kuwa za upinzani. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku, mbunge wa KANU, ilitoa ripoti Septemba 1992: watu 779 walikuwa wamekufa na takriban 54,000 wamehamishwa. Kamati hiyo iliwataja pia watu wenye vyeo kuwa wachochezi.

Kwa upande wa kura matokeo yake yalikuwa ya moja kwa moja. Uliandikishwa kituo fulani, na kura yako iko kituo hicho. Nyumba ikichomwa ukakimbilia uwanja wa kanisa umbali wa kilomita 60, jina lako linabaki daftarini na wewe haupo. Wengi walipoteza kitambulisho motoni, na bila hicho hata kurudi kusingewasaidia.

20. IPK (Islamic Party of Kenya) ya Mombasa ilikuwa chama?

Ilitaka kuwa. Ilinyimwa usajili mwaka 1992 kwa sababu kwamba ni chama cha kidini, na Sheikh Khalid Balala akawa sauti yake mitaani wakati wa ghasia za mwaka huo. Kwa kuwa haikuweza kusimamisha wagombea, wafuasi wake waliunga mkono FORD-Kenya, iliyovuna viti Mombasa. Katika mkoa mzima wa Pwani, hata hivyo, Moi alipata zaidi ya nusu ya kura za urais.

## Mahakamani na maswali ya pembeni

21. Kesi ya Matiba ilitupwa kwa sababu ya sahihi?

Ndiyo. Alifungua kesi ya kupinga ushindi wa Moi mapema 1993. Sheria ilitaka mlalamishi atie sahihi yeye mwenyewe. Kwa sababu ya kile kiharusi cha kizuizini mkono wake haukuandika sawasawa, kwa hiyo mke wake alitia sahihi kwa hati ya uwakilishi wa kisheria. Mahakama Kuu iliitupa kesi bila kusikiliza ushahidi, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Mtu aliumizwa akiwa mikononi mwa dola, kisha ulemavu huo ukamfungia mlango wa mahakama. Inauma kuisoma hata leo.

Kesi ya Kibaki dhidi ya matokeo ya 1997 nayo ilianguka kwa sharti la namna hiyohiyo: hati hazikukabidhiwa kwa Moi mkononi, jambo gumu kwa mtu anayelindwa na walinzi. Chini ya katiba ya 2010 kesi ya urais huenda moja kwa moja Mahakama ya Juu, hufunguliwa ndani ya siku 7 na kuamuliwa ndani ya 14. Ndiyo njia iliyofuta matokeo tarehe 1 Septemba 2017.

22. Mgombea angeshinda urais lakini akaanguka ubunge, ingekuwaje?

Asingekuwa Rais (swali la 13). Ndiyo maana Moi alisimama Baringo ya Kati, Matiba Kiharu, Kibaki Othaya na Jaramogi Bondo, ngome ambazo kila mmoja alikuwa na uhakika nazo. Katiba ya 2010 imegeuza mambo: mgombea urais haruhusiwi kugombea ubunge.

23. Mbunge akihama chama baada ya kuchaguliwa?

Alipoteza kiti na uchaguzi mdogo ukaitishwa. Sharti hilo lilikuwa la tangu 1966, lilipotungwa dhidi ya wabunge wa KPU. Baada ya 1992 baadhi ya wabunge wa upinzani walihamia KANU na kurudi kwa wapiga kura kwa tiketi ya jogoo, na wingi wa KANU bungeni ukaongezeka kidogo kidogo.

24. Kama mihula ni miwili tu, mbona Moi alitawala miaka 24?

Kikomo cha mihula miwili ya miaka mitano kiliingizwa 1992 na kuhesabiwa kuanzia uchaguzi huo, kwa hiyo miaka 14 ya nyuma haikuhesabiwa. Aliapishwa tarehe 4 Januari 1993 kwa muhula wa kwanza, akashinda tena 1997 kwa wa pili, na tarehe 30 Desemba 2002 akamkabidhi Kibaki madaraka Uhuru Park.